Maneno Manne ya Mlinzi wa Isuva

Mzee Swedi Mkindi alikuwa na miezi minane tangu afe, na bado alikuwa na maneno kuliko wazima wengi wa Isuva.

Asubuhi ile ya Alhamisi alikuwa anazozana na mwanamke wa kuni. Mwanamke alikuwa ameyavuka mawe mekundu yanayokizunguka kilima, shoka begani, kwa sababu miti ya ndani ya mawe haikatwi na mtu na imenenepa kwa raha zake. Sauti ikamtokea kutoka chini, hatua mbili mbele ya miguu yake. Ilikuwa sauti ya mzee aliyekula chumvi nyingi na asiye na haraka.

"Mama, shoka hilo ni la kukatia kuni au la kukatia ugali?"

Mwanamke alishtuka, kisha akajikaza. Habari za kilima kinachosema alikuwa amezisikia. "La kuni."

"Mumeo hana mikono?"

"Mikono anayo. Akili ndiyo hana."

Kilima kikacheka, cheko refu la mtu anayejua hasa mume wa namna hiyo alivyo. Mwanamke naye akatabasamu, akaliteremsha shoka. Hapo ndipo sauti iliposhuka. "Sasa nisikilize, mwanangu. Chini ya hapo uliposimama kuna kitu kinachomla mtu kuanzia ndani. Hakina harufu, hakina rangi, wala hakina haraka. Mti huo umekinywa kwa mizizi. Ukiupikia, wanao wataula moshi wake. Nenda upande wa mashariki, kuna miti mikavu ya mikwata nimeiona. Nenda, usinitie simanzi."

Mwanamke alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akayapita mawe. Alimpita Sikudhani, binti wa mzee, aliyekuwa anapanda, bila kumsalimu, macho yamemtoka.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Mzee Swedi maisha yake yote. Kwa masika thelathini na moja alisimama kwenye kivuko cha Korongo la Msui, bila bunduki na bila cheo, akiwazuia watu wasivuke maji yakiwa yamefurika. Hakumkamata mtu mkono. Alimtania mpaka acheke, na alipocheka alimweleza. Walevi walimsikia, polisi walimsikia, na bwana harusi mmoja aliyekuwa akingojwa na watu mia tatu upande wa pili alikaa chini kwenye tope na suti yake akangoja maji yapungue. Korongo halikupata mtu hata mmoja siku za zamu yake. Kwa hiyo watu wa Hifadhi walipokuja kutafuta mtu wa kulinda mabaki ya vinu vya umeme wa nyuklia yaliyozikwa Isuva, mabaki yatakayobaki na sumu kwa miaka elfu kumi, hawakuhitaji kuuliza nyumba nyingi.

"Shikamoo, baba," alisema Sikudhani.

"Marahaba, Siku. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Ameingia eda?"

"Bado."

Jambo la eda lilikuwa limewashinda wote. Sheikh mmoja alisema mwili umeoshwa, umesaliwa, umezikwa, basi mke ni mjane. Mwingine akauliza mwanamke atamliaje mume ambaye jana tu ameulizia kama mbuzi wameingia zizini. Bi Mwajabu, mke mwenyewe, aliwasikiliza wote wawili kwa adabu, akawapa chai, na walipoondoka akasema hawezi kukalia eda ya mtu anayempelekea salamu. Hivyo hakuwa mke, hakuwa mjane. Alikaa ukumbini na sahani ya mtu wa pili imefunikwa mezani, miezi minane.

"Siku," alisema baba yake, "nikuulize kitu. Usiku wa jana ulilala?"

"Nililala, baba."

"Ulilalaje? Nieleze."

Sikudhani alidhani ni utani mwingine unakuja. Akangoja. Haukuja.

"Mimi sijalala tangu siku mliyouzika mwili," alisema Mzee Swedi. "Mwanzo nilijiambia ni ugeni, mtu akihamia nyumba mpya halali vizuri. Sasa nimejua. Huku usingizi haupo. Hata kufumba macho hakupo, maana macho ya kufumba sina. Asipokuja mtu siku sita, siku sita zote nipo, ninasikiliza mawe yakipoa na kupata joto. Kati ya neno na neno ninalokwambia sasa hivi, nipo. Nimechoka, mwanangu. Sijui ni nini kinachochoka, lakini kimechoka."

Sikudhani alichuchumaa karibu na mawe.

"Ile karatasi wewe ndiye uliyenisomea. Ilisema hivyo?"

"Nitaiangalia tena, baba," alisema.

* * *

Sikudhani Mkindi alikuwa mfasiri wa mikataba, na alikuwa mzuri. Kwa miaka kumi na minne ameyatoa maji na umeme na ardhi ya watu kutoka Kiingereza na kuyaleta kwenye Kiswahili ambacho mkulima anaweza kukisoma bila kumwita mtoto. Alisifiwa kwa jambo moja hasa: hakuwa na maneno ya ziada. Wanasheria wa Kiingereza wana desturi ya kulipanga neno moja mara tatu au nne kwa sura tofauti, na kanuni ya kwanza aliyofundishwa chuoni ilikuwa kwamba mfasiri mwenye akili huyakunja yote yakawa moja. Aliwahi kuwafundisha vijana wengine kanuni hiyo hiyo, na kuwakata alama walioandika yote.

Sasa alikaa mezani kwake, akaufungua mkataba wa baba yake, akaipata sentensi yenyewe. Mlinzi atawekwa Isuva, ilisema, *permanently, perpetually, in perpetuity and for ever*.

Chini yake palikuwa na Kiswahili chake mwenyewe: Mlinzi atawekwa Isuva daima.

Aliikumbuka siku yenyewe vizuri kuliko alivyopenda. Baba yake alikuwa amelala kwenye mashine ya kusafisha damu, mirija mkononi, figo zote mbili zimekufa na daktari ameshaacha kuzungumzia mwaka ujao. Watu wa Hifadhi walikuwa wakingoja koridoni. Sikudhani alimshikia karatasi karibu na uso akimfuatishia kwa kidole, na baba yake, ambaye Kiingereza hakukijua lakini kuhesabu alijua, alisema, "Hapo kwao maneno ni mengi. Wewe umesema moja."

"Wanarudia tu, baba. Wanasheria wa Kiingereza hawaliamini neno moja, wanalifunga kamba nne kama gunia kwenye baiskeli."

Akacheka mpaka muuguzi akamkanya kwa ajili ya mirija. "Umesoma yote?"

"Nimesoma yote."

"Basi kama kazi yenyewe ni kuwasemesha watu wasipite, hiyo naijua." Akatia sahihi yake ya pole pole, herufi moja baada ya nyingine.

Alikuwa hajasoma yote. Kulikuwa na viambatisho vitatu, na cha tatu kilikuwa orodha ya maana za maneno, ambayo katika mikataba mia mbili aliyokwisha kuifasiri haikuwahi kusema lolote la maana. Ilikuwa ukurasa wa sitini na mbili. Aliufungua sasa, karibu miezi tisa baadaye, na alilazimika kusimama ili aweze kuusoma.

Watu wa Hifadhi hawakuwa wamerudia. Kila neno walikuwa wamelipa kazi yake. *Permanently* ilikuwa habari ya mahali: akili ya mlinzi ingechorwa kwenye sahani za kioo na kushushwa ndani ya mwamba, karibu na mapipa, ili iendeshwe na joto la sumu yenyewe, na isingeweza kutolewa tena bila kuvunjika. *In perpetuity* ilikuwa habari ya jamaa: mke, watoto na watoto wa watoto hawangekuwa na haki ya kumdai. *For ever* ilikuwa habari ya mwisho, kwamba mwisho haupo. Hata sumu ikiisha nguvu baada ya miaka elfu kumi, hata kilima kikiwa salama watoto wachezee juu yake, hakuna aliyepewa kazi ya kwenda kumzima.

Na *perpetually* ilikuwa habari ya kukesha. Walieleza kwa uangalifu, kama watu wanaojua wanachokifanya. Walinzi wa mwanzo katika nchi nyingine walipewa usingizi, na waliamka wamevurugika. Mmoja aliamka akiwaita watu waingie. Kwa hiyo mlinzi wa Isuva angekuwa macho bila kukatika, kila sekunde, na angewasikiliza wapita njia na kubadilisha lugha yake kadiri yao itakavyobadilika, mpaka siku ambapo asingebaki na neno hata moja la lugha aliyozaliwa nayo.

Sikudhani aliufunga ukurasa, akaufungua tena. Alilia kama mtoto aliyefumwa na kosa, kwa kwikwi na aibu, akijifunika mdomo kwa kanga ili mama yake asisikie ukumbini.

* * *

Ofisi ya Hifadhi ilikuwa kontena moja chini ya kilima, na mhandisi wake alikuwa mwanamke wa Songea aitwaye Petronila Haule, mtu wa maneno machache na viatu vizito. Ijumaa asubuhi alimsikiliza Sikudhani mpaka mwisho. Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Dada, ninachokwambia ningeweza kukinyamazia," alisema. "Kuna kifungu. Ndani ya miezi tisa tangu sahihi, aliyemsomea mlinzi mkataba akiapa kwamba hakumsomea wote, ridhaa inakufa, na mlinzi anazimwa siku hiyo hiyo. Aliyemsomea ni wewe. Mpaka Jumatano una nafasi. Alhamisi huna."

"Akizimwa itakuwaje?"

"Kwake? Hakuna kitakachokuwa. Atapumzika."

"Kwa kilima nauliza."

Petronila alikaa. "Tumewapima watu mia nne na themanini tangu baba yako. Hakuna aliyefaa. Mtu anayeweza kumgeuza mgeni kwa maneno tu, bila kumtisha mpaka awe mbishi, si wengi duniani. Tukianza leo kutafuta, ni miaka minne, labda mitano. Tutaweka ua na askari."

"Basi askari si watu?"

"Sikiliza yaliyotokea kilima kingine, nchi nyingine, sitaitaja. Waliweka ua na askari na michoro ya mafuvu. Askari walichoka, ua ukauzwa vyuma chakavu. Mafuvu watu waliyaona, wakadhani ni kaburi la mfalme lenye dhahabu, wakachimba. Walikuta mapipa. Mifuniko wakafanya sufuria, maana chuma kilikuwa kizuri. Walikufa watu sitini na tatu kabla ya mtu yeyote kujua kinachowaua, na wengi wao walikuwa wale wanaokula kwanza, watoto." Akaitazama mikono yake mwenyewe. "Baba yako amewarudisha watu mia moja na tisa. Ninayo sauti ya kila mmoja."

"Yeye anajua habari za hiyo nchi?"

"Hajui. Wala sheria hainitaki nimwambie. Sheria haimuulizi yeye anataka nini. Inakuuliza wewe ulisoma nini." Alifungua mtoto wa meza, akamsukumia fomu ya kiapo. "Ningekuwa ni baba yangu, dada Sikudhani, ningekuwa nimeshaijaza. Halafu nisingelala tena nami. Kwa hiyo usiniulize."

Sikudhani aliichukua fomu. Nje, akiwa anaikunja, alijua vizuri jambo moja. Baba yake akiambiwa maneno manne peke yake, ataomba azimwe. Akiambiwa na habari ya sufuria, hatakubali kutoka pale hata kwa dawa. Alimjua. Mtu huyu aliwahi kukosa maziko ya dada yake kwa sababu maji ya Msui yalikuwa yanapanda na hapakuwa na wa kumpokea zamu.

Basi ilikuwa ni juu yake achague kurasa. Mara ya kwanza aliruka ukurasa kwa kiburi cha kazi. Mara hii angeuruka kwa mapenzi, na nani angemlaumu?

* * *

Jumamosi alikwenda na mkeka. Aliutandika nje ya mawe mekundu, akakaa, akatoa karatasi zote sitini na nane.

"Leo una mzigo," alisema baba yake.

"Nimekuja kukusomea, baba. Nilikukosea."

Akamsomea. Hakukunja kitu. Neno la kwanza akalieleza, akangoja. La pili, akangoja. Alipofika kwenye kukesha alisoma polepole sana, kwa sababu sauti yake ilikuwa inamtoroka, akasoma na ile sababu yao yote na habari ya mlinzi aliyeamka akiwaita watu. La jamaa alilisoma huku ameinama. La mwisho alilisoma mara mbili, kwani baba yake alimwomba.

"Hata sumu ikiisha?" aliuliza Mzee Swedi.

"Hata ikiisha."

"Nitakuwa nawafukuza watu kwenye kilima kisicho na kitu."

"Ndiyo, baba."

"Kwa lugha nisiyoijua."

"Utaijua. Hii ndiyo hutaijua."

Upepo ulipita kwenye miti minene ya ndani. Mzee alisema, kwa sauti ambayo Sikudhani hakuwahi kumsikia nayo, hata kwenye mashine ya damu, "Siku, mimi niliogopa kufa. Ndiyo maana sikukuuliza sana siku ile. Usijibebeshe yote peke yako."

Hilo lilimuumiza kuliko kama angemtukana. Alilia waziwazi. Kisha akajifuta, akamwambia habari ya kiapo, kwamba akikijaza kabla ya Alhamisi atazimwa, atapumzika, mama ataingia eda, na kila mmoja atajua yuko wapi.

"Alhamdulillahi," alisema kilima, na furaha iliyokuwa kwenye neno hilo ilikuwa ya mtu aliyeonyeshwa kitanda. "Jaza, mwanangu. Jaza leo."

Alikwisha kuitoa kalamu. Fomu ilikuwa gotini, jina lake limeshaandikwa, na alikuwa anaandika tarehe baba yake aliposema, kwa kawaida tu, kama mtu anayeuliza kama mlango umefungwa, "Umesoma yote?"

Kalamu ikasimama.

Angeweza kusema ndiyo. Mkataba aliusoma wote, kila ukurasa. Habari ya sufuria haikuwemo kwenye mkataba. Mbele ya hakimu yeyote angekuwa mkweli.

"Nimesoma yote yaliyoandikwa," alisema.

"Sikuuliza yaliyoandikwa."

Jua lilikuwa limeanza kuuma shingoni. Sikudhani aliitazama tarehe aliyoianza, tarakimu moja bila mwenzake. Mara ya kwanza aliulizwa swali hili na mtu anayekufa, na alilijibu haraka ili watu wa koridoni wasichoke. Hakuweza kulijibu hivyo mara ya pili. Alitamani sana aweze. Baadaye, miaka mingi, angejiambia kwamba mtu bora kuliko yeye angeweza.

Akamwambia. Ua, askari, mafuvu, dhahabu, mifuniko. Watu sitini na tatu, na wanaokula kwanza. Miaka minne, labda mitano.

Kivuli cha jiwe kikasogea mpaka ukingoni mwa mkeka. Kwa baba yake muda huo ulikuwa na urefu gani, Sikudhani hakujua.

"Yule mama wa kuni," alisema Mzee Swedi hatimaye. "Alirudi jana. Hakuvuka. Alisimama hapo nje na mwanawe, akanionyesha, akamwambia huyu ndiye babu aliyemcheka baba yako. Wangepika nini, Siku, kwenye hizo sufuria?"

"Sijui, baba. Maharage. Uji."

"Ichane hiyo karatasi."

"Baba."

"Ichane niisikie."

Aliichana. Hakuwahi kufanya jambo gumu kama lile, na lilichukua muda mfupi tu.

"Sasa nina neno moja, na hili ni la baba kwa mwana, halina kiambatisho," alisema Mzee Swedi. "Usije tena. Wala wewe, wala mama yako, wala salamu. Nimeligundua hili huku. Siku zote sita za wiki zinaniua kwa sababu nangoja ya saba. Mtu anayengoja ndiye anayeyaona masaa. Nikijua hakuna anayekuja wangu, nitajaribu kuwa kama korongo, ninapita tu. Labda itawezekana. Wewe mwambie mama yako nimekufa."

"Atauliza."

"Atauliza nini asichokijua? Mwambie nimekufa, akae eda yake, atoke, akamtembelee dada yake Singida alivyokuwa akitaka miaka yote na mimi namkatalia. Sikumpa ruhusa kwa sababu ya zamu. Mwambie nimeruhusu. Hapana, usimwambie hivyo, atajua." Sauti ilimkatika, ikarudi. "Mwambie tu."

Sikudhani aliweka kiganja chake juu ya jiwe jekundu. Lilikuwa la moto, kama mawe yote ya saa ile. Alikaa hivyo mpaka baba yake akasema, kwa upole, "Inuka, mama. Nenda. Ukikaa nitazoea." Akainuka, akakunja mkeka. Aliteremka bila kugeuka, na kilima hakikumwita.

* * *

Bi Mwajabu alikuwa ukumbini, anachambua mchele kwenye ungo. Alimtazama binti yake usoni, akauweka ungo chini.

"Mama," alisema Sikudhani, na alipiga magoti kama wanavyopiga magoti wanaoleta habari. "Baba amefariki."

Mama yake hakushangaa kwamba mtu anaweza kufa mara mbili. Alisema yale yanayosemwa, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea, kwa sauti ndogo iliyokamilika. Kisha akaukalia mkono wake wa kulia, kama anayeuzuia usifanye jambo.

"Lini?"

"Leo. Saa sita."

"Wamemzima?"

"Kimezima chenyewe, mama. Wamesema hutokea."

Miaka kumi na minne kazi yake haikumfundisha kusema uongo, na siku hiyo aliusema vizuri. Mama yake aliutazama mlango muda mrefu, mlango uliokuwa wazi kuelekea kilimani.

"Aliteseka?"

"Hapana, mama. Alilala."

Bi Mwajabu alitikisa kichwa polepole. Machozi yalikuwa yakimteremka, lakini mabega yake, yaliyokuwa juu miezi minane yote, yalishuka, na Sikudhani aliyaona yakishuka. Mwanamke huyo aliinuka, akaichukua ile sahani iliyofunikwa mezani, akaipeleka jikoni, na maji yakasikika yakiiosha. Aliporudi alikuwa anavua bangili zake, mbili za kushoto kwanza. Akakaa mkekani karibu na binti yake, akafungua vidole, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, mwezi kwa mwezi, miezi minne ya eda na siku kumi juu yake. Alihesabu mara mbili ili asikosee.

"Itaisha kabla ya mvua," alisema.

Sikudhani aliishika mikono ya mama yake, yote miwili, vidole vikiwa bado vimefunguka katika hesabu. Akasema ndiyo, mama, itaisha.